Benki Umeitolea Mahari, Mimi Bado

Bibi MmaGaone mpendwa, naomba unisikilize hadi mwisho kabla hujaanza kunifokea, maana najua utanifokea, na huenda nastahili.

Mimi ni fundi wa mabomba ya maji hapa Gaborone, nimebakiza miaka michache nistaafu, na nina nyumba niliyoinunua kwa mkopo wa benki. Nimekulia vyumba vya kupanga kule Old Naledi, Bibi, mama yangu akifukuzwa hapa tunahamia pale, mimi godoro kichwani na majirani wanaangalia, kwa hiyo siku niliyokabidhiwa ufunguo wangu niliapa sitastaafu na deni la nyumba, na tangu hapo kila mwisho wa mwezi nikishalipa rejesho la kawaida naongeza juu yake chochote nilicho nacho, hela za kazi za jioni, bonasi, hata za Krismasi, na benki wamenithibitishia kwamba nyongeza inakata deni lenyewe na riba inapungua, na mkopo uliokuwa unifuate hadi uzeeni sasa umebakiza kama miaka miwili tu.

Shida ni ng'ombe. Baba yangu alipofariki aliniachia ng'ombe kule malishoni akasema hawa ni wa mahari ya mke wangu, maana sisi tulifunga ndoa kwa mkuu wa wilaya na mahari nikaiweka kiporo kama wanavyofanya wengi, na wakwe walikubali kungoja. Nikawauza mmojammoja, hela nikapeleka benki, na mke wangu, Mama Boitshepo, alijua, nilimwambia nyumba ikiisha nitanunua wengine, ng'ombe hawaishi sokoni, naye akanyamaza nikadhani amekubali.

Sasa mwezi uliopita watu wa kijana mmoja wa Serowe, mwalimu, kijana mzuri, walifika Kanye kwa wakwe zangu kumposa binti yetu Boitshepo, maana kwa desturi yetu mahari ya mama ikiwa haijatolewa, posa ya binti hupokelewa na wajomba zake, na mzee Tshekiso, kaka mkubwa wa mke wangu, akasema kwa upole kwamba hawezi kupokea ng'ombe wa mtoto wakati wa mama hawajafika. Mimi kwa kutaka kusaidia nikasema, "Shemeji, mbona rahisi. Ng'ombe wa Boitshepo wakija, wapitilize moja kwa moja zizini kwako, wahesabiwe kuwa ni wa mama yake. Tumemaliza." Mzee alichukua kofia yake akatoka nje.

Mama Boitshepo alingoja wageni waondoke, akaniambia, "Benki umeitolea mahari, Baba Boitshepo, na juu yake umeiongezea. Mimi hata mkia wa ndama sijauona." Hakurudi nami Gaborone. Nikipiga simu anapokea, ananiuliza kama nimekula, anakata. Boitshepo hanilaumu, amemwambia mwenzake wasubiri, ila watu wa Serowe wanauliza wasubiri nini.

Je, Bibi, nisimamishe nyongeza wakati nimebakiza kidogo hivi, au nimwombe mke wangu avumilie miaka hiyo miwili, kwani nyumba si ni yake pia?

Ni mimi,
Baba Boitshepo, Gaborone

*

Baba Boitshepo, mwanangu,

Nimesomewa barua yako, nikaomba isomwe tena pale penye kofia.

Kwanza pole, maana naona hakuna aliyekupa. Mtoto aliyehamishwahamishwa akikua hulala jicho moja wazi, hata akiwa kwake. Hela zako hukuzinywa wala hukuzihonga, uliziweka kwenye paa la watoto wako. Kuna wanaume nawajua walistaafu na makofi na keki, mwaka haukuisha wakawa wanapanga chumba. Kulipa zaidi ya unachodaiwa si kosa, na asikudanganye mtu.

Ila uliona deni moja tu, lile linalokutumia ujumbe kila mwezi. Wakwe hawatumi ujumbe. Wanakaribisha, wanapika, wanakaa kimya, na wewe ukadhani kimya hicho ni risiti. Mkeo naye hukumsikia. Mwanamke akinyamaza unapouza ng'ombe wake, muulize tena.

Na ile hesabu yako, ee baba. Umesema mbele ya mkeo na wageni kwamba kijana wa watu atamwoa binti na papo hapo amtolee na mama mkwe mahari. Ningekuwepo hapo, na mimi ningetafuta kofia.

Unataka umwombe miaka miwili? Amekwisha kukupa umri wote wa Boitshepo. Usimwombe hata wiki. Na nyumba ni yake, ndiyo, ameilipia kwa ng'ombe wake.

Sasa nenda benki. Waulize kama ukirudi kwenye rejesho la kawaida watakutoza chochote, na uliza kama katika zile ulizolipa za ziada unaweza kuchota kidogo. Mkataba wako siujui, kila benki ina ya kwake, kwa hiyo usinyanyuke kwenye kiti mpaka wakujibu kwa maneno unayoyaelewa. Wakisema hazichotwi, basi, nyongeza ya kila mwezi kuanzia sasa ni ng'ombe. Lakini rejesho lenyewe usiliguse. Usije ukakimbilia mahari ukakosa paa, ukaniandikia tena. Benki ukiilipa kwa wakati wake hainuni. Utastaafu na kideni kidogo, hutakufa nacho. Mabomba ya Gaborone hayajaacha kuvuja.

Kanye usiende mwenyewe, wala usitume hela kwa simu, nakujua. Watume baba zako wadogo. Siku ya kwanza wamwombe mzee Tshekiso radhi kwa lile neno, wasitaje ng'ombe hata mmoja. Wakirudi mara ya pili ndipo waseme ukweli, umepata wangapi na waliobaki utawaleta lini. Wazee wa huku wamewahi kupokea mahari ya mama na ya binti msimu mmoja, mradi ya mama itangulie. Yule mzee hakukataa posa. Alikuonyesha mlango wa kuingilia, wewe ukaanza kupiga hesabu.

Mkeo akiuliza kama umekula, mwambie umekula nini, umekula na nani, na kwamba meza ni kubwa mno. Ahadi usimpe. Ahadi anazo za kutosha. Siku ukimnunua ng'ombe wa kwanza, mwambie rangi yake.

Boitshepo mwambie mwenyewe kwamba posa yake ipo, kilichochelewa ni babake. Halafu vaa koti uende kwa hao baba zako wadogo leo hii. Mawingu yameanza kukusanyika, na wazee wakishakwenda mashambani kulima hutapata mtu wa kumtuma.

Bibi MmaGaone