Kibodi ya Babu Imepona

Baba Safiya na Safiya,

Uji uko kwenye chupa. Maharage yameshachemka, bado kuungwa tu. Nimewahi Maganzo, kuna mtu anasubiri nimkagulie mawe yake. ~~Msiiguse kompyuta ya babu.~~

Ndiyo, imepona! Baba Safiya, jana kibodi mpya ilipofika kutoka ng'ambo na mkia wake, ule utepe wa kuiunganisha na kompyuta, ukakataa kuingia, ulicheka mpaka ukakaa chini: "Mama Safiya kaagiza kiatu cha jirani." Haya, cheka tena. Leo baada ya swala ya alfajiri nimeifungua ile ya zamani, nikaukagua mkia wake kwa lenzi yangu ya kukagulia almasi, vilevile ninavyotafuta ufa kwenye jiwe. Nikauona, mwembamba kama unywele, pale pale nchani. Mafundi watatu wa mjini hawakuuona! Nikakata ncha upana wa ukucha, nikachomeka, nikawasha runinga, maana ndiyo kioo chake. Vitufe vyote vinaitika, hata S, iliyokufa kabla Safiya hajazaliwa.

Marehemu baba yangu hakuniruhusu kuigusa hata siku moja. Kaka zangu walikaa wakacheza, mimi nikawapelekea chai. Eti vidole vya msichana vitaiharibu.

Ndiyo maana nimeukata ule mstari wa juu. Safiya, ukishakunywa uji nawa mikono, kaa kwenye kiti cha babu, andika jina lako. Baba yako akuletee chai.

Mama, fundi wa nyumba hii