Nia Niliyoitaja Jumuiyani

Jumamosi

Bado sijui kama nilikosea. Leo nilikwenda peke yangu kusali jumuiya na majirani, kwa sababu mama hawezi kumwacha bibi. Tangu bibi apoteze kumbukumbu, anatoka nje ovyo mchana na usiku. Juzi mama alisinzia jikoni akiwa ameshika mwiko. Naogopa siku moja ataangukia moto.

Ulipofika wakati wa kutaja nia, nilipanga kusema tu, "Tumwombee bibi." Hata hiyo huwa nainong'ona. Lakini nikajisikia nasema, "Naomba mtu aje kukaa na bibi leo, mama apate kulala."

Jirani yetu, Mama Anjela, akasema, "Hiyo siyo ya kuombea, mwanangu. Hiyo ni ya kwenda." Wakacheka, na mimi nilitamani kuyarudisha maneno yangu.

Baada ya sala Mama Anjela alikuja kwetu na ungo wa mahindi ya kupukuchua. Bibi akamwamkia, "Shikamoo mama." Naye bila kusita, "Marahaba. Kaa hapa unisaidie." Wakapukuchua pamoja uani.

Mama alinivuta chumbani. "Umekwenda kutangaza mambo ya nyumba yangu?" Alikaa kitandani na hasira zake, akalala hivyo hivyo, kilemba kichwani, karibu masaa matatu.

Alipoamka hakunishukuru. Alichungulia uani, akawatazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Amesema atarudi lini?"