Banda la Kobe wa Baba

Jumatano, Julai

Umeme umekatika tena, na banda tumelimaliza leo hii hii.

Tumeshinda tukilijenga, mimi na mume wangu. Kuta ni mabanzi ya mbao kutoka msitu wa Shume, juu nailoni, ndani balbu ya kulelea vifaranga. Kobe wa Baba hajala tangu baridi ianze. Alizoea joto la Tanga, kama Baba mwenyewe, tuliyemleta huku Lushoto Mama alipofariki. Alikataa kupanda gari bila kobe wake.

Balbu ilipowaka, kobe alitoa kichwa. Baba akacheka! Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Nikakimbilia bustanini kuchuma majani ya maboga. Niliporudi, balbu ilikuwa imezimika.

"Umeme utarudi saa ngapi?" Baba akauliza.

"Sijui, Baba."

Tukaweka chupa za maji ya moto kando ya kobe. Ukungu ulikuwa umeshafika uani. Nikamwomba Baba aingie ndani. Badala yake akavua koti, akamfunika kobe.

"Baba, utaugua."

"Mwanangu, huyu hakuomba kuja huku."

Nilisimama naye pale tu, mpaka mume wangu alipokuja kumshika Baba mkono, akamwingiza ndani.

Nikimrudisha Baba Tanga, nani atamtazama? Nikimbakiza hapa...

Nimempelekea chai kitandani. Amekishika kikombe kwa mikono miwili, kakikumbatia kifuani, mpaka chai imepoa. Hakunywa hata funda moja.