Nafasi Moja ya Kwenda Kumzika Baba

Kamina, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Ninakuamkia wewe na wote wanaokaa nawe matangani. Unalala? Unakula hata kidogo? Miguu imeacha kuvimba? Mimi ni mzima wa mwili, lakini moyo umechoka. Najua hapo Lubumbashi, mtaani Katuba, watu wanauliza, "Banza iko wapi? Baba yake wanamuzika, yeye iko wapi?" Ngoja nikueleze mwenyewe.

Habari ya kifo cha Baba ilinifikia hapa stesheni kwa redio ya fonia, Alhamisi asubuhi. Treni hazitembei tangu vita ilipokaribia, mazutu ya injini imekwisha. Hata ingepatikana, kutoka Kamina mpaka Lubumbashi ningekaa njiani siku tano, labda sita, na ninyi mlikuwa mnazika Jumamosi. Lakini ndege ya mizigo ya jeshi inafika huko kwa saa moja na dakika chache. Saa moja tu, Mama! Mkubwa wangu wa kazi aliniombea nafasi, akaipata. Moja.

Ijumaa nilikuwa nimekwisha kupanda, nimekaa juu ya magunia karibu na mlango, nilipoona pusupusu ya mizigo inasukumwa mbio uwanjani. Aliyelala juu yake alikuwa Zaina, mke wa Sefu, yule mfanyabiashara wa Maniema anayeuza chumvi jirani yetu. Sefu alikwenda Malemba-Nkulu kununua samaki, vita ikamfungia njia. Mkewe alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili, na daktari wa hapa hana dawa ya usingizi ya kumpasulia. Mama mkwe wake akanishika suruali.

"Mutoto yangu, weye unaenda kufanya nini Lubumbashi?"

"Kuzika baba yangu, mama."

Akaniachilia. "Basi, enda," akasema. "Pole sana. Enda uzike baba yako."

Mama, angenitukana, ningekaa palepale. Nilishuka.

"Kama unashuka, utangoya mpaka juma ingine!" rubani akapiga kelele.

Nilimbeba Zaina kwa mikono yangu, nikamlaza juu ya magunia. Ndege ilipoondoka nilikaa chini nikalia, na yule mama akalia kando yangu, kila mmoja kwa ajili ya mtu wake. Kesho yake, saa ya maziko, nilisimama peke yangu kando ya reli, nikavua kofia.

Jana rubani amerudi. Anasema walimpasua siku ileile. Mtoto, msichana, hakuishi. Zaina anaishi. Yuko hospitali huko, na Lubumbashi yote hana ndugu hata mmoja. Mama, najua hutoki kwa sababu ya matanga. Mtume dada Kapinga ampelekee bukari na mboga, na maji ya moto ya kuoga. Kama bado una hasira nami, nitaivumilia. Lakini yule asilale njaa kwa sababu yangu.

Msalimie shangazi aliyemfumba Baba macho. Mjomba Ngoy aliyeshika nafasi yangu kaburini, mwambie namshukuru. Watoto wa Kapinga uwakumbatie wote. Safari hii hakuna nafasi ya mtu ndegeni, lakini rubani amekubali kubeba barua hii; mpe jibu lako, hata likiwa fupi. Nataka kujua neno moja tu: kabla ya kufa, Baba aliniuliza?

Ni mimi mwanao,
Banza