Kichupa Kwenye Droo ya Cherehani

Jumanne, 14 Mei. Asubuhi ya ukungu na manyunyu. Nguo za juzi bado mbichi kambani.

Dada mpenzi,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Sisi tunajikongoja. Nimetoka zamu sasa hivi, na miguu yangu usiiulize.

Baba yu hai. Natanguliza hilo ili usome umetulia. Alhamisi alianza kutoka damu puani, ikakataa kukoma. Nilimkalisha, nikambana pua, naye akanitania kwamba yeye amewashonea watu maisha yake yote, leo mwanawe anashindwa kuziba matundu mawili. Ijumaa choo chake kikawa cheusi kama lami. Mzaha ukaishia hapo. Tulimlaza wodini kwetu, akaongezewa damu chupa mbili.

Unajua anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande tangu ule mguu ulipovimba. Mimi ndiye ninayempa kila jioni, na kipimo chake kilikuwa sawa kabisa. Daktari aliisimamisha dawa, kisha akaniita kando akasema kwamba asipojua chanzo ataogopa kumrudishia, na bila dawa bonge jingine la damu laweza kupanda hadi mapafuni. Kuvuja ni kifo, kuganda ni kifo.

Nilimuuliza Baba tena na tena kama anatumia dawa nyingine. Akaapa hatumii. Akamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili kwamba binti yake ni polisi aliyeazima sare ya muuguzi.

Jana nilipitia nyumbani kumchukulia shuka, nikafungua droo ya cherehani kutafuta miwani yake. Kati ya vifungo na vipande vya chaki nikakuta kichupa. Dada, ni vile vidonge vya maumivu ya magoti ulivyomtumia. Vikikutana na dawa yake, vinachubua tumbo, na damu ikianza kutoka haishikiki. Nilipomwonyesha hakukana, alishangaa tu. Alisema hizo si dawa, ni zawadi ya mwanawe. Dawa ni zile chungu ninazompa mimi.

Nilimkunjia shuka nikaenda kumweleza daktari, ambaye sasa anajua la kufanya: tumbo likipona, atamrudishia dawa yake, na damu itapimwa mara kwa mara.

Baba alinisihi nisikwambie, akiogopa utaacha kumtumia vitu. Nakwambia kwa sababu uliandika kwamba kifurushi kingine ki njiani. Hukujua, na mimi sikukuonya. Vidonge vya kichupani nimevitupa, na vya kifurushini nitavitoa. Lakini usiache kutuma, Dada. Tuma uzi, tuma soksi. Kichupa kitupu amekidai nimrudishie, na sasa kiko chini ya mto wake.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Kalenda, kama ulivyonibandika jina kwa kupenda kwangu kuandika tarehe na saa

Nimeamka, nafunga bahasha. Nililala saa tano na robo asubuhi, sijavua hata sare.