Kwa Mama Carmel, Aliyeiimbia Baridi ya Johannesburg

Mwaka umezunguka, Léocadie, Mama Carmel wetu, tangu asubuhi ile ya mwezi wa saba ulipotutoka. Baridi imerudi mtaani kwetu Turffontein na kutukuta bado tumechoka.

Mchana ulikuwa fundi cherehani, jioni mwimbaji. Hakuna aliyeleta suruali kupunguzwa akaondoka bila wimbo. Jirani yetu Mayasa, mtu wa Tanga, hadi leo anasema gauni lake la kijani linajua kuimba, kwa kuwa ulilishona huku ukifanya mazoezi. Na chai ya kila mtu ulikuwa ukiionja kabla ya yako, eti unaangalia kama sukari imefika.

Walikuambia albamu ya baridi ni mambo ya Krismasi, ya kengele na theluji. Ukawajibu kwamba baridi yako, ya Lubumbashi kwenu na ya hapa, huja mwezi wa sita. Haina theluji, ina vumbi na midomo iliyopasuka, nayo pia inastahili kupigiwa fidla. Albamu ukaiita Baridi Kavu.

Mliirekodi kwenye ukumbi wa kanisa, okestra nzima, jazi na nyimbo laini, wapigaji wamevaa makoti. Wewe uliimba bila viatu, maana visigino vya viatu viligonga sakafu. Mumeo Octave alipewa kazi moja tu, hita ya gesi. Ilikuwa inavuma na maikrofoni zinaudaka mvumo huo, kwa hiyo aizime wimbo unapoanza, aiwashe ukiisha. Mlinzi huyu mstaafu wa maofisi ya Marshalltown anaisimulia kazi ile kama vile okestra aliiongoza yeye. Anaapa kwamba farasi mmoja wa uwanja wa mashindano wa hapa Turffontein aliisikia sauti yako, akasimama kwenye kona kusikiliza, na waliombetia wakarudi nyumbani kwa miguu. Binti yenu Carmel alimwomba amtoe farasi kwenye tangazo hili. Amekataa. Anasema wewe ukiisimulia hadithi hiyo ulikuwa ukiongeza farasi wa pili.

Wimbo wa mwisho, fidla hazijanyamaza, Octave akawasha hita. Tak, halafu mvumo. Kiongozi wa okestra akataka mrudie. Ukajifunika blanketi, ukasema, "Iacheni hivyo hivyo. Ameona miguu yangu."

Ikaachwa. Imo kwenye albamu.

Tangu tukuzike, nyumba hii imekaa bila muziki, kama desturi ya matanga inavyotaka. Lakini hita ile ile, ambayo iko hapa nyumbani, haikukatazwa na desturi yoyote, na Octave hakuiwasha. Alisema gesi imeisha. Carmel akautikisa mtungi, umejaa. Akasema basi kuna panya amezaa humo ndani, panya wa kanisa, si vizuri kumsumbua mcha Mungu. Tukacheka kidogo. Lakini alilala na koti, akikohoa, na akiamka anaonekana amechoka kuliko alivyolala. Carmel alirudi kuishi hapa, akawa anakisikiliza kikohozi hicho kupitia ukuta, akihofia kwamba mwaka mmoja utamchukulia mama na baba. Unajua anavyojibu kwa Kizulu akisemeshwa Kiswahili. Siku moja alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake akasema kwa Kiswahili chako, "Papa, usiniache peke yangu."

Octave alimwambia aende akapike chai.

Jumamosi tumeondoa matanga. Watu walisali, wakala, na Carmel akaiweka Baridi Kavu. Octave akachukua kofia, akasema anatoka kidogo kumtazama yule farasi. Mayasa alikuwa mlangoni na sinia la maandazi, naye hakusogea.

"Shemeji," alisema, "farasi amesubiri miaka yote hii. Keti."

Akaketi. Uliimba vumbi, uliimba jua lisilo na nguvu, uliimba nguo zinazokauka kwenye kamba zikiwa ngumu kama mbao. Wimbo wa mwisho ukafika. Fidla zikaanza kufifia. Tak, halafu mvumo.

Octave aliinuka polepole, kama mtu aliyeitwa kazini baada ya kustaafu. Akaenda kwenye kona, akaiwasha hita. Akaisukuma, kidogo kidogo, mpaka ikafika miguuni pa Carmel.

Wanaokukumbuka ni mumeo Octave, binti yako Carmel, kaka yako Emery wa Lubumbashi, rafiki yako Mayasa na watoto wake, na wapigaji wote waliopiga nyuma yako wamevaa makoti.

Pumzika, Mama Carmel. Utakumbukwa siku zote katika nyumba hii, na nyumba sasa ina joto.