Saa Moja ya Nyumbani Kwetu

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku ninapumua, ninakula na ninafanya kazi, na naomba mgongo usikusumbue sana hapo kwenye cherehani. Msalimie shangazi hapo jirani.

Chumba nilichopata ni kidogo, nikinyoosha miguu mlango haufunguki, lakini mwenye nyumba ameniachia nafasi kwenye friji yake niweke insulini. Kiwanda cha uchapaji kinanuka wino mpaka kwenye nywele. Kazi yangu ni kupanga kurasa za kalenda. Mashine ikishawashwa haisimami mpaka kazi iishe, na zamu hubadilika: wiki hii asubuhi, wiki ijayo jioni.

Ndiyo maana nakuandikia. Nakumbuka kwetu, saa moja jioni ulikuwa unasimamisha cherehani hata kama mkono wa shati umeshonwa nusu. Wateja wakinuna unawaambia, "Mshono utangoja, sindano ya mwanangu haingoji." Unanawa, unanichoma, unapakua. Sindano mbili, asubuhi na jioni, na nyumba nzima inakula kwa saa. Nimekua hivyo tangu kisukari kinishike nikiwa darasa la pili, na hata mama alipotutoka hukuwahi kupitisha saa.

Sasa muuguzi wa kliniki ya huku anataka nibadili. Anasema hii yetu ya mchanganyiko ukishaichoma lazima ule, utake usitake, na kwa mtu wa zamu ni hatari. Vijana wengi anaowahudumia wanachoma moja ya siku nzima, na nyingine ya haraka kila wanapotaka kula. Kweli sukari yangu inapanda na kushuka. Naomba ushauri wako, maana mikono yako ndiyo iliyonifundisha.

Bintiyo,
Kitindamimba

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mgongo upo, unalalamika kama mteja aliyefupishiwa pindo. Shangazi yako anakusalimu na anasema ukikonda atakufuata huko huko.

Sindano nne kwa siku? Wewe ni mwanangu au ni kijimto cha kuchomekea pini? Zile mbili zilikutoa kwenye kitanda cha hospitali ukiwa mwepesi kama kitambaa cha bitana, zikakufikisha kazini. Usiache mbachao kwa msala upitao. Shika saa zetu. Mimi huku nazishika. Saa moja ikifika nasimamisha cherehani, nanawa mikono, ndipo nakumbuka kwamba hakuna wa kumchoma. Napakua hivyo hivyo.

Babako

29 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya pili bila jibu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi nisome. Kama unaumwa, usinifiche. Shangazi yako anapita kila asubuhi kuuliza, nami namwambia posta inachelewa. Sidhani kama ananiamini.

Babako

11 Mei

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya changu. Sasa ni mzima. Nilingoja nipone kwanza, nisikutishe.

Nilifuata neno lako. Saa moja jioni, popote nilipo, nilijichoma. Siku moja mwezi uliopita tulikuwa zamu ya jioni na mapumziko ya kula yalikaribia, nikajichomea chooni kama kawaida. Niliporudi karatasi ikakwama kwenye mashine, msimamizi akasema hatoki mtu mpaka ikwamuliwe. Biskuti zangu zilikuwa kwenye mkoba, mkoba uko kabatini, nami niliona aibu kuomba ruhusa. Pale hakuna aliyejua hali yangu. Jasho likanitoka, nikapanga Juni mbele ya Mei, halafu miguu ikaniacha karibu na kisu cha kukatia karatasi. Mama mmoja anayepaka gundi alinivuta pembeni na kuninywesha soda fundo kwa fundo, nikiwa bado najitambua. Ana mdogo wake mwenye kisukari, akanijua kwa lile jasho.

Jeraha la kwenye paji nililopata nikianguka limepona. Muuguzi ameniuliza tena kuhusu kubadili, nikamwambia nangoja barua ya nyumbani. Sikulaumu, Baba. Wakati naanguka nilisikia kama cherehani yako inasimama, nikadhani chakula kinakuja. Lakini saa moja ya nyumbani kwetu ilikuwa na sahani mezani. Ya huku ni saa moja tupu.

Bintiyo

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Kesho yake nilifunga duka nikaenda kwa muuguzi wetu wa zamani, yule uliyekuwa ukimwita Bibi Pamba. Nilikwenda kumshtaki mwenzake wa huko. Alinisikiliza akicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema, "Ule mpango ulikuwa wa mtoto mwenye baba pembeni yake. Nguo ya darasa la pili mtu haendi nayo kazini." Hayo ananiambia mimi fundi.

Nikwambie ukweli, mama. Sikuziogopa sindano nne. Niliona ukibadili saa zetu utakuwa umemaliza kuondoka, nami sitakuwa na kazi tena kwako. Mzee mzima naonea wivu kichupa cha dawa. Badili. Wafuate wanavyokufundisha, pima, uliza usipoelewa. Na waambie wenzako kazini. Biskuti zikae mfukoni.

Babako

2 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekubali mapatano, na shangazi pia.

Nimebadili. Mwanzoni nilikosea vipimo, sukari ikanipanda, muuguzi akanirekebisha bila kunigombeza. Sasa siku nyingi imetulia, ingawa si zote. Mama wa gundi anaijua mifuko yangu kuliko mimi.

Jana mchana sikuwa na njaa, basi sikula mpaka alasiri. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Nilijiona kama mtoro wa shule. Kisha nikalia kidogo, nikiwaza miaka yote uliyokula bila njaa ili nisile peke yangu. Je, bado unasimamisha cherehani?

Bintiyo

16 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mapatano na mgongo bado yanaendelea.

Umeniuliza. Juzi nilikuwa na suruali ya bwana harusi, nimebakiza mguu mmoja, nikaendelea tu. Saa moja ikapita sikuisikia. Ghafla shangazi yako huyo mlangoni, kiatu mguu mmoja, anahema. Alisikia cherehani haijasimama akadhani limetufika jambo. Kumbe miaka yote hiyo naye alikuwa akiinjika chungu chake cherehani yetu ikinyamaza.

Nikamwambia, "Hakuna mgonjwa humu. Ninamaliza mshono."

Akakaa kwenye kigoda chako akanisubiri. Tulikula chakula kimepoa, na mara hii nilikuwa na njaa kweli. Nilikukumbuka, lakini nilimaliza sahani.

Ukipata likizo, njoo. Usitazame saa. Njoo na njaa yako, nitapakua.

Babako